Ingia kwa Mlango wa Ofisi: Kuzisoma Riwaya Kuu za Kijerumani

Mwaka 1897 kijana mmoja wa miaka 22, akiwa amepanga huko Rome pamoja na kaka yake, alianza kuwaandikia barua ndugu zake kuulizia habari za ukoo wao wa Lübeck, mji wa bandari wa kaskazini mwa Ujerumani. Kwa jamaa mmoja mfanyabiashara aliulizia bei za nafaka za zamani na taratibu za biashara. Kwa mama yake aliomba mapishi. Kwa dada yake aliomba kisa kizima cha shangazi yao aliyeolewa na kuachika mara mbili. Kijana huyo alikuwa Thomas Mann, na majibu aliyoyapata ndiyo yaliyojenga *Buddenbrooks*, riwaya iliyotoka mwaka 1901.

Naanza na barua hizo kwa sababu nafundisha fasihi ya Kijerumani, na kila mwaka nakutana na wasomaji waliotishwa mapema. Wameambiwa kwamba riwaya za Kijerumani za mwanzo wa karne ya ishirini ni falsafa iliyovishwa kanzu ya hadithi, na kwamba bila kumjua Nietzsche na Schopenhauer huwezi kupita getini. Mimi sikubaliani. Falsafa imo, lakini imekaa chumba cha ndani. Ukitaka kuingia, pita kwenye mlango wa ofisi: daftari la hesabu, faili la bima, masijala, zahanati. Waandishi hawa walizijua kazi za watu, na ujuzi huo ndio unaozipa riwaya zao nguvu.

Tuanze na akina Buddenbrook wenyewe. Ni ukoo wa wauza nafaka, vizazi vinne, kuanzia mwaka 1835 hadi miaka ya 1870. Jina la mji halitajwi, ila ni Lübeck mtupu. Watu husema riwaya hii inahusu kuporomoka kwa ukoo, na kweli jina lake dogo linasema hivyo. Lakini tazama ukoo unavyoporomoka: hesabu kwa hesabu. Binti, Tony, anaozwa kwa nguvu ya hoja kwa mfanyabiashara wa Hamburg aitwaye Grünlich. Baba yake si mjinga. Amekagua vitabu vya hesabu vya bwana harusi, ameuliza sifa zake kwa wafanyabiashara wa Hamburg, na wote wamemsifu. Miaka michache baadaye, Grünlich anapofilisika, ukweli unatoka: vitabu vilitengenezwa, na wale waliomsifu walikuwa wanamdai. Walitaka mahari ya binti, ambayo huko baba yake ndiye anayempa mume, ije iwalipe. Hakuna hotuba hata moja kuhusu ubepari katika sura hizo, na hakuna inayohitajika.

Kuna tukio jingine ninalolipenda zaidi. Bwana mmoja mwenye shamba kubwa la Pöppenrade ana shida ya fedha na anataka kuuza mavuno yake yote yakiwa bado hayajavunwa, kwa bei ya kutupa. Wasomaji wa Kagera wanaifahamu biashara hiyo, wanaiita butura, nao wanajua inavyowanyonya wakulima wa kahawa. Thomas Buddenbrook, mkuu wa kampuni kizazi cha tatu, naye anajua si ya heshima. Kampuni yake haijawahi kuigusa. Usiku anatembea chumbani akibishana na nafsi yake, na mwishowe ananunua. Kisha inafika tarehe 7 Julai 1868, siku kampuni inapotimiza miaka 100. Nyumba imejaa wageni na muziki, salamu zinamiminika, na katikati ya shamrashamra inaletwa simu ya maandishi: mvua ya mawe imeyapiga mazao ya Pöppenrade. Nafaka yote imekwisha. Mann hatuambii tuone nini. Anaacha bendi iendelee kupiga.

Na kifo cha Hanno, mtoto wa mwisho wa ukoo? Sura inaanza kwa maelezo ya homa ya matumbo: wiki ya kwanza mgonjwa hujisikia hivi, wiki ya pili joto hupanda, wiki ya tatu mambo huwa vile. Jina la mtoto halipo. Mann aliyachukua maelezo hayo karibu yalivyo kutoka kwenye ensaiklopidia ya Meyer. Kuna watakaouita uvivu. Kwangu mimi ni mojawapo ya sura kali kuliko zote katika fasihi ya Ulaya, kwa sababu lugha baridi ya kitabu cha rejea inatulazimisha tumtafute mtoto wenyewe, tukijua yumo humo ndani.

Mchapishaji Samuel Fischer wa Berlin alimtaka akate kitabu nusu. Mann, wakati huo akiwa amelazwa hospitali ya jeshi, akaandika kwa penseli kukataa. Toleo la kwanza, nakala 1,000 katika juzuu mbili, liliuzwa kwa kusuasua. Lilipotoka toleo la juzuu moja mwaka 1903 ndipo kitabu kilipopaa, na Tuzo ya Nobel ya mwaka 1929 alipewa hasa kwa ajili yake. Huo mlango wa ofisi Mann alikwisha kuupita mwenyewe, maana baada ya baba yake kufariki na kampuni ya ukoo kufungwa kwa agizo la wosia, alifanya kazi kwa muda katika kampuni ya bima ya moto mjini Munich, na hadithi yake ya kwanza aliiandika kwa siri akiwa kwenye meza ya kazi.

Bima inatupeleka Prague, kwa Franz Kafka. Yeye alikuwa Myahudi aliyeandika Kijerumani katika mji ambao wengi walizungumza Kicheki, na kuanzia mwaka 1908 hadi alipostaafu kwa ugonjwa mwaka 1922 alikuwa mtumishi wa taasisi ya bima ya ajali za wafanyakazi ya Bohemia. Tusimfikirie kama karani mnyonge aliyejificha pembeni. Alikuwa na shahada ya udaktari wa sheria, alipandishwa cheo mara kadhaa, na wakuu wake walimthamini. Ipo taarifa yake, yenye michoro, juu ya mashine za kuranda mbao. Anaeleza kwamba mhimili wa pembe nne unaacha mwanya kati ya kisu na meza, na mwanya huo ndio unaokula vidole vya mafundi, hata wale wazoefu. Mhimili wa duara unaufunga mwanya, na ukiteleza unapata mchubuko tu. Sentensi zake hapo ni kavu, sahihi, hazina huruma ya maneno. Ukitoka kwenye taarifa hiyo na kufungua riwaya yake *Der Prozess* (Kesi), mkono ni ule ule.

*Der Prozess* aliiandika kati ya Agosti 1914 na Januari 1915, vita vikiwa vimeanza. Josef K., ofisa wa benki, anakamatwa asubuhi ya siku aliyotimiza miaka 30, haambiwi kosa, na anaruhusiwa aende kazini kama kawaida. Watu hupenda kuuliza: kosa lake ni lipi? Swali hilo limezalisha rafu nzima za maktaba. Mimi huwaambia wanafunzi waliweke kando kwanza, waangalie mahakama inavyofanya kazi. Ofisi zake ziko darini, kwenye nyumba za watu maskini, hewa nzito kiasi kwamba K. anakaribia kuzirai, ilhali watumishi wa humo wao wanazidiwa na hewa safi ya nje. Vitabu kwenye meza ya hakimu, K. akivifungua, vina picha chafu. Mfanyabiashara Block ana wakili rasmi mmoja na mawakili vishoka watano kwa siri, na anafanya mazungumzo na wa sita. Amekwisha kula mtaji wake wote katika kesi.

Halafu kuna mchoraji Titorelli, ambaye amerithi kazi ya kuwachora mahakimu na kwa hiyo anajua yanayopikwa. Anamweleza K. kwamba kuna njia tatu. Ya kwanza ni kuachiwa kweli, ambayo yeye hajawahi kuishuhudia. Ya pili ni kuachiwa kwa juujuu: unatoka huru, lakini faili linaendelea kupanda na kushuka ngazi za ofisi, na siku yoyote hakimu fulani akiliokota, unakamatwa upya, pengine hata kabla hujafika nyumbani. Ya tatu ni kuahirisha: kesi inashikiliwa kwenye hatua ya chini kabisa, mradi usiache kwenda kujionyesha na kuwasalimia wahusika. Titorelli anayasema haya kwa utulivu wa fundi anayekupa bei. Wasomaji wangu hucheka hapa, na wanacheka sawasawa. Kafka mwenyewe alicheka alipowasomea rafiki zake sura ya kwanza.

Riwaya hiyo hakuimaliza wala kuichapisha. Alifariki Juni 1924 karibu na Vienna, akiwa ameagiza maandishi yake yachomwe. Rafiki yake Max Brod akakataa, akazipanga sura mwenyewe, na kitabu kikatoka mwaka 1925. Kwa hiyo mpangilio wa sura unaousoma leo ni uamuzi wa mtu mwingine, jambo ambalo wachambuzi wengi wa msuko wa riwaya hii hulisahau.

Alfred Döblin hakuwa mtu wa ofisi. Alikuwa daktari wa magonjwa ya akili na mishipa ya fahamu, akiwatibu wagonjwa wa bima katika mitaa ya wafanyakazi mashariki mwa Berlin. *Berlin Alexanderplatz*, ya mwaka 1929, inamfuata Franz Biberkopf anayetoka gereza la Tegel baada ya kifungo cha miaka minne kwa kumuua mwanamke wake. Anaapa kuwa mtu mwema, mji haumwachi. Döblin alibandika vipande vya magazeti moja kwa moja kwenye mswada: utabiri wa hali ya hewa, matangazo, takwimu za machinjio ya jiji. Anapoeleza pigo lililomuua yule mwanamke, anatoa kanuni za mwendo za Newton pamoja na fomula zake. Wanaosoma mara ya kwanza hudhani ni mzaha. Ni daktari anayeandika cheti cha kifo, na anajua kuwa cheti hakielezi kitu. Nakiri kitabu hiki ni kigumu kwa Kijerumani, kwa kuwa kimejaa lahaja ya mitaani ya Berlin, na tafsiri nyingi huipoteza.

Yule kaka aliyekuwa Rome, Heinrich Mann, alichora mtu wa aina nyingine katika *Der Untertan*, aliyoimaliza katikati ya mwaka 1914. Diederich Heßling, mwenye kiwanda cha karatasi, anawaramba viatu walio juu na kuwakanyaga walio chini. Akiwa mwanafunzi, siku ya kuzaliwa ya mwalimu, wenzake wanapamba meza na ubao. Yeye anaivisha maua hata fimbo. Ukiwa umekulia Tanzania ukasoma habari za kiboko cha Mjerumani, ile hamsa ishirini, tukio hilo halikupiti hivi hivi. Kaizari Wilhelm wa Pili ambaye Heßling anaiga masharubu yake ndiye aliyekuwa mkuu wa dola iliyoitawala Tanganyika. Heinrich Mann haandiki juu ya makoloni, lakini anatuonyesha shule waliyotoka wale mabwana. Gazeti lililokuwa likiichapisha riwaya hiyo kwa mfululizo liliacha kuichapisha vita vilipoanza. Kitabu kilitoka mwishoni mwa mwaka 1918, Kaizari akiwa ameshakimbia.

Robert Musil, aliyesomea uhandisi na baadaye kufanya kazi ya maktaba huko Vienna, alifanya kamati kuwa kiini cha *Der Mann ohne Eigenschaften* (juzuu ya kwanza 1930). Mwaka ni 1913, na watu wakubwa wa Austria wanaandaa sherehe za miaka 70 ya utawala wa Kaizari wao, zitakazofanyika 1918. Sisi tunajua hazitafanyika. Wao wanaendelea na vikao. Mapendekezo ya wananchi yanamiminika, na kila moja linatiwa alama ya kuhifadhiwa hadi uamuzi utakapotolewa. Jenerali mmoja anakwenda maktaba kutafuta wazo kuu la kuliokoa taifa, anaambiwa kuna vitabu milioni tatu na nusu, anapiga hesabu: akisoma kimoja kwa siku, atahitaji miaka elfu kumi. Ni kurasa za kuchekesha sana, ila zimezungukwa na kurasa nyingi zisizosonga. Musil alifariki Geneva mwaka 1942 bila kuimaliza.

*Im Westen nichts Neues* ya Remarque, riwaya ya askari wa Vita vya Kwanza vya Dunia, haihitaji mwongozo wangu, inasomeka kwa siku mbili. *Der Zauberberg* ya Thomas Mann (1924) ninaipenda, lakini siishauri kwa anayeanza. Kijana anakwenda kumtembelea binamu yake katika sanatoriamu ya kifua kikuu huko Davos kwa wiki tatu, anakaa miaka saba, na msomaji asiye na subira huhisi zote saba. Ukiifikia, usianze kwa kufuatilia mabishano ya Settembrini na Naphta, wasomi wawili wa humo. Angalia vipimajoto, picha za eksirei, milo mitano kwa siku na hati ya malipo inayoletwa kila wiki.

Nikiulizwa mpangilio, husema hivi: *Buddenbrooks* kwanza, kisha *Der Untertan*, kisha *Der Prozess*. Kabla ya Döblin, pitia *Radetzkymarsch* ya Joseph Roth (1932), ambayo ni nyepesi kusoma, walau sura yake ya kwanza. Humo askari wa miguu aliyemwokoa Kaizari vitani Solferino mwaka 1859 anafungua kitabu cha shule cha mwanawe na kukuta ameandikwa kuwa alikuwa mpanda farasi aliyepambana na kundi la maadui. Anapeleka malalamiko ngazi kwa ngazi hadi kwa Kaizari mwenyewe, akitaka uongo huo ufutwe. Unafutwa: kisa chote kinaondolewa vitabuni, na yeye pamoja nacho.