Aliyepigwa mionzi hajawa chanzo cha mionzi

"Usimsogelee, ana mionzi." Maneno haya husemwa juu ya mgonjwa wa saratani aliyetoka kutibiwa, juu ya mtu aliyepiga picha ya eksirei asubuhi, hata juu ya mzigo wa chakula uliopitishwa kwenye skana. Mara nyingi si kweli. Tena kwa mgonjwa yanaumiza: anatengewa kikombe chake, anakatazwa kumpakata mjukuu, na hali mwilini mwake hakuna cha kumdhuru mtoto.

Mionzi ni nishati inayotoka kwenye chanzo fulani na kusafiri, ama kama mawimbi (mwanga, eksirei, gama), ama kama chembe (alfa, beta, nyutroni). Ile yenye nguvu ya kung'oa elektroni kwenye atomi ndiyo inayoweza kuharibu seli za mwili. Hayo yamo katika vitabu vya fizikia vya sekondari.

Kinachochanganywa ni mambo mawili tofauti kabisa: kupigwa na mionzi, na kubeba kitu kinachotoa mionzi.

Katika mashine ya eksirei, umeme husukuma elektroni zikagonge kipande cha tungsteni, na hapo ndipo eksirei huzaliwa. Umeme ukizimwa, hakuna tena eksirei chumbani. Zilizoingia mwilini zimekwisha kutokea upande wa pili au kumezwa na mwili papo hapo, kwa kuwa zinakwenda kwa kasi ya mwanga, karibu kilomita 300,000 kwa sekunde. Ukimulika ukuta kwa tochi kisha ukaizima, ukuta haubaki ukiwaka. Madhara kwenye seli yanaweza kubaki, na ndiyo maana dozi hupimwa kwa uangalifu. Mionzi yenyewe haibaki.

Mashine ya tiba ya kobalti-60, metali inayotoa gama yenyewe, ina chanzo kisichozimika, bali hufichwa ndani ya kinga nene ya metali nzito. Gama zake nazo hazimgeuzi mgonjwa kuwa chanzo. Ili atomi ya kawaida ianze kutoa mionzi, kiini chake, yaani sehemu yake ya katikati, lazima kibadilishwe, na gama za kobalti hazina nguvu hiyo. Nyutroni ndizo hasa zenye uwezo huo, kwa mfano ndani ya kinu cha nyuklia.

Unguja ina ushahidi mzuri wa jambo hili. Kati ya 1994 na 1997, mbung'o madume waliofugwa Tanga walipigwa gama ili wasiweze kuzalisha, kisha wakamwagwa kisiwani kwa ndege ndogo, zaidi ya milioni 8. Jike kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani, kwa hiyo akikutana na dume tasa, uzao wake umekwisha. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa Septemba 1996. Mamilioni ya wadudu waliopigwa mionzi waliangukia mashamba na mifugo, na hakuna hata mmoja aliyepeleka mionzi huko.

Sasa tazama Goiânia, Brazili, Septemba 1987. Watu wawili waliingia katika kliniki iliyoachwa, wakachukua sehemu ya mashine ya tiba na kuiuza kama chuma chakavu. Ndani mlikuwa na unga wa sesiamu-137, kitu kinachotoa mionzi chenyewe, uliong'aa buluu gizani. Ukapendeza, ukagawiwa kwa ndugu na majirani, wengine wakajipaka. Watu zaidi ya 112,000 walipimwa. 249 walikutwa na sesiamu mwilini au kwenye nguo, na 4 walifariki. Hawa walibeba chanzo chenyewe. Kuwagusa kulikuwa na hatari, na nyumba zilibomolewa kwa sababu unga ulikuwa umeingia humo.

Hata vipimo vyenyewe vinatenganisha mambo haya. Bekereli huhesabu viini vinavyovunjika kila sekunde ndani ya kitu fulani. Grei hupima nishati iliyomezwa na kila kilo ya mwili. Mtu anaweza kupokea grei nyingi hospitalini bila kuongezewa bekereli hata moja. Kinyume chake, mtu mzima yeyote ana bekereli elfu kadhaa za potasiamu-40 inayotokana na chakula cha kila siku, na hakuna anayemtenga kwa hilo. Taarifa inayosema tu kwamba shehena "imekutwa na mionzi", bila kutaja bekereli ngapi kwa kilo, haijatueleza kitu.

Wapo wagonjwa ambao kwa muda huwa kweli ni chanzo. Anayenyweshwa iodini-131, aina ya iodini inayotoa mionzi, kwa saratani ya tezi ya thairoidi hutoka hospitalini akiwa bado nayo mwilini, na nguvu yake hupungua nusu kila baada ya siku 8 hivi, mbali na ile anayoitoa kwa mkojo. Huyo huambiwa na hospitali akae mbali na watoto na wajawazito kwa siku kadhaa, na maelekezo hayo yafuatwe.

Basi kabla ya kumtenga mtu, ulizeni alitibiwa vipi. Kama alilala chini ya mashine na mashine ikabaki hospitalini, sahihi ni kusema amepigwa mionzi, na mjukuu anaweza kumkalia mapajani jioni hiyo hiyo.