Mofini haimuui mgonjwa wa saratani

Tanga bado tunasikia mke akiambiwa: "Ukimpa mumeo mofini, unamharakishia kifo." Si kweli, na imani hii inawatesa watu bure. Mofini ya kunywa, ikitolewa kwa kipimo alichoandika daktari, hutuliza maumivu tu. Kinachomaliza mwili ni saratani.

Nguvu yake hudumu kama saa 4. Kwa hiyo hutolewa kwa saa, bila kungoja maumivu: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, saa 4 usiku. Dozi ya mwisho mara nyingi daktari huiandika maradufu ili mgonjwa alale hadi alfajiri. Ukingoja alie, maumivu yatakuwa yameshapanda na kuyashusha ni kazi.

Soma chupa kila unapoletewa mpya. Yenye mg 5 kwa ml 5 si sawa na yenye mg 50 kwa ml 5: kijiko kilekile, dawa mara 10! Pima kwa bomba la sindano lisilo na ncha, si kijiko cha chai.

Usingizi na kichefuchefu hupungua baada ya siku chache. Kufunga choo hakuishi, na papai peke yake halitoshi. Omba bisakodili, dawa ya kulainisha choo, siku hiyohiyo mofini inapoanza. Asipoamshika, au akipumua chini ya mara 8 kwa dakika, usimpe dozi inayofuata. Mpigie mhudumu wa afya mara moja. Zaidi ya hapo, usiikatishe mofini ghafla.