Maziwa hayaoshi mapafu
Kwenye machimbo ya kokoto na karakana za rangi, pakiti ya maziwa ya saa nne imegeuzwa kinga: eti "yanakata vumbi". Hayakati. Maziwa huenda tumboni. Vumbi hufuata njia ya hewa hadi mapafuni, na huko halikutani na maziwa. Chembe za silika kutoka kwenye mawe, ndogo kuliko jicho liwezavyo kuona, huacha makovu yasiyopona. Ugonjwa huo huitwa silikosisi.

Maziwa ni lishe nzuri, yaendelee kuja. Lakini kwa Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtwika mwajiri jukumu la kuwakinga wafanyakazi. Aanze na kulowesha mawe kabla ya kupasua na kunyonya vumbi linapotokea, kisha barakoa inayobana uso, si leso.