Je, nyutro kwenye mteremko inaokoa mafuta?

Madereva wengi wa Dar es Salaam, wa daladala na wa malori yanayopakia bandarini, wanaamini kwamba kuweka nyutro, yaani kuitoa gari kwenye gia, kwenye mteremko kunaokoa mafuta. Kwa anayelipa hesabu kwa tajiri na kujaza mafuta mwenyewe, lita moja ni unga wa nyumbani, kwa hiyo si ajabu imani hii imedumu.

Enzi za kabureta, kile kifaa cha zamani cha kuchanganya mafuta na hewa, ilikuwa na chembe ya ukweli. Injini za sasa zinaongozwa na kompyuta: ukiondoa mguu kwenye pedeli ya mafuta gia ikiwa imeingia, matairi ndiyo yanayozungusha injini, na nozeli huacha kunyunyiza mafuta ndani yake. Kwenye nyutro, injini lazima ichome mafuta ili isizime.

Kubwa zaidi ni breki. Lori lenye kontena likishuka mlima Kitonga, kule Iringa, na nyutro, injini haisaidii tena kulizuia. Mzigo wote unabaki kwenye breki za matairi, nazo zikichemka hupoteza nguvu. Ile harufu ya kuungua mlimani ndiyo dalili yake.

Kama dashibodi yako inaonyesha matumizi ya mafuta ya papo hapo, mwambie utingo aitazame mkishuka na gia. Kama haina, daftari linatosha kukuonyesha kinachookoa mafuta kweli: jaza tangi, andika kilomita, endesha wiki nzima kama kawaida, jaza tena, gawanya kilomita kwa lita. Wiki inayofuata punguza kukanyaga mafuta ghafla kati ya kituo na kituo, upige hesabu upya. Foleni za wiki mbili hazifanani, kwa hiyo rudia.