Hapana, abiria wa Lost hawakuwa wamekufa tangu mwanzo

Tangu Mei 23, 2010, kipindi cha mwisho cha tamthilia ya televisheni Lost kiliporushwa, bado nasikia watu wakisema kisiwa ilikoangukia ndege ya Oceanic 815 kilikuwa ahera, na kwamba abiria wake walikufa siku ileile ilipoanguka. Naipenda tamthilia hii, na dhana hiyo inaipokonya uzito wake wote.

Kinachowachanganya wengi ni msimu wa sita. Humo tunaona maisha mawili: ya kisiwani, na mengine ambamo ndege inatua salama Los Angeles. Hayo ya pili ndiyo ya baada ya kifo. Ya kisiwani yalitokea kweli.

Tena jibu limo ndani ya tamthilia yenyewe. Kanisani, katika maisha hayo ya baada ya kifo, Christian anamweleza mwanawe Jack, mhusika mkuu, kwamba yote yaliyompata yalikuwa kweli, na kwamba kila mtu hufa siku yake: baadhi walimtangulia, wengine walimfuata miaka mingi baadaye. Jack mwenyewe tunamwona akifa kwenye mianzi, mbwa Vincent amelala ubavuni pake, huku ndege iliyowabeba abiria wenzake Kate na Sawyer kutoka kisiwani ikipita juu. Kama wote walishakufa, nani alikuwa anaokolewa?

Uvumi ulikolezwa na picha za mabaki ya ndege ufukweni, bila mtu hata mmoja, zilizoonyeshwa mwishoni pamoja na majina ya waigizaji. Kituo cha televisheni cha ABC, kilichorusha tamthilia hii, ndicho kilichoziweka, ili mtazamaji atulie kidogo kabla ya taarifa ya habari iliyofuata. Hazikuwa sehemu ya hadithi.