Kuomba hesabu si kumwita mtu mwizi

Hapa Lubumbashi, sendika ya wafanyakazi wa jumba la makumbusho la serikali ikiomba kuona hesabu, utasikia: "Wanamtuhumu mkurugenzi wizi. Wao watetee mishahara, hesabu ni za wakubwa."

Si kweli. Mshahara unatoka wapi kama si kwenye hesabu hizo? Anayekaa mlangoni anakata tiketi za wanafunzi, vishina vinabaki mkononi mwake. Anajua siku hiyo zimeuzwa ngapi. Mwisho wa mwezi akiambiwa pesa hakuna, aulize nini kingine? Paa likivuja juu ya misalaba ya shaba, pesa ya zamani ya mababu zetu, anayesogeza ndoo ni yeye.

Katiba ya Kongo ya 2006 inalinda uhuru wa sendika katika kifungu cha 38. Kifungu cha 24 kinampa kila mtu haki ya kupata habari. Mahakama ya Hesabu, inayokagua pesa za serikali, ipo, lakini haimzuii mfanyakazi kuuliza.

Tena hesabu zinaweza kumsafisha mkurugenzi mwenyewe. Bajeti inayopitishwa Kinshasa ni kitu kimoja, faranga zinazofika ni kingine, na pengo hilo halionekani mpaka daftari lifunguliwe.