Acheni Kuniuliza Mtaala Upi

Nimeulizwa tena wiki hii. "Mwalimu, mwanangu hisabati imemkataa. Mtaala nimeshabadilisha, sasa nichukue upi?" Nikauliza anakosea wapi. Jibu: "Anakosea tu, kila mahali." Nikaomba picha ya ukurasa mmoja wa daftari. Ilipofika, "kila mahali" ikawa sehemu moja. Ninaandika haya ili siku nyingine nitume kiungo badala ya kukaa kwenye simu hadi betri iishe.

Kazi yangu ni kuwasaidia wazazi wanaosomesha watoto nyumbani. Imani inayonichosha ni kwamba anayefundisha ni kitabu, na mzazi yupo ili afungue ukurasa unaofuata. Kitabu kikishindwa, kinanunuliwa kingine. Huko ni kubadilisha miwani ilhali macho hujayafumbua. Mitaala hutofautiana, sikatai, na mingine ni mibovu kwelikweli. Lakini mtoto anayekwama hukwama mahali fulani mahususi, na hakuna mwandishi wa mtaala aliyeketi mezani kwenu kupaona.

Ukurasa wenyewe ulikuwa wa kutoa. 52 − 27 = 35. 64 − 38 = 34. 79 − 24 = 55. 81 − 46 = 45. 90 − 53 = 43. Mama alitia mkasi manne na vema moja, kisha akaandika chini kwa wino mwekundu: "Rudia yote! Kuwa makini!"

Sasa yatazame tena polepole. Mtoto huyu ni makini kuliko sisi wawili. Katika kila safu amechukua namba kubwa akatoa ndogo, bila kujali ipi iko juu. Kwenye mamoja ya 52 − 27 amefanya 7 kutoa 2. Kwenye 90 − 53 amefanya 3 kutoa 0. Hajakengeuka hata mara moja. Lile moja alilopata, 79 − 24, amelipata kwa kanuni ileile, kwa kuwa pale namba kubwa zote ziko juu. Kwa hiyo hata vema ile haikutuambia kitu.

Na kanuni hiyo kaitoa wapi? Mara nyingi kwetu. Alipokuwa anaanza kutoa tulimwambia, "Huwezi kutoa 7 kwenye 2, lazima utoe ndogo kwenye kubwa." Akasikia, akashika, akatii. Mwaka 1978 watafiti John Seely Brown na Richard Burton walionyesha kwamba makosa mengi ya watoto katika kutoa hayatokani na uzembe: mtoto anafuata kwa uaminifu utaratibu wenye hitilafu, na ukishaujua utaratibu huo unaweza kutabiri jibu atakaloandika kwenye swali ambalo hajaliona. Hicho ndicho kipimo ninachowapa wazazi. Kama unaweza kutabiri kosa lijalo la mwanao, umeanza kufundisha. Kama kila kosa linakushtua, bado unasahihisha tu.

Ukimwambia mtoto huyu arudie maswali ishirini, ataikaza kanuni yake mara ishirini. Ukimnunulia mtaala mpya, ataikaza kwenye kurasa za rangi.

Alichohitaji ni vijiti. Mafungu matano ya kumi na vijiti viwili pembeni, hiyo ni 52. "Nipe 27." Mafungu mawili anatoa haraka. Vijiti saba? Anaangalia viwili vyake, anaangalia mafungu, anakuangalia wewe. Usiseme kitu. Akifungua fungu moja, kukopa kumezaliwa mikononi mwake, na ndipo mnaandika kila hatua kando ya kile alichokwisha fanya. Kisha mwulize 35 + 27 inaleta ngapi, aone mwenyewe kwamba haimrudishi kwenye 52. Sifuri katikati, kama 302 − 147, ni vita vingine. Subiri siku yake.

Nimesema "usiseme kitu". Hapo ndipo wazazi wengi hunipoteza, maana wao huamini hawasemi kitu. Hebu niwaeleze kuhusu farasi.

Ujerumani, mwanzoni mwa karne ya 20, kulikuwa na farasi aitwaye Hans. Bwana wake, Wilhelm von Osten, aliyekuwa mwalimu wa hisabati, aliwashangaza watu: ukimwuliza Hans hesabu, anagonga kwato hadi kufikia jibu, anaacha. Tume ya wataalamu ikamchunguza mwaka 1904 na haikukuta hila yoyote. Mwaka 1907 mwanasaikolojia Oskar Pfungst akachapisha alichogundua. Muulizaji asipolijua jibu, au Hans asipoweza kumwona, hesabu ilimtoka Hans kichwani. Alikuwa anasoma mwili wa muulizaji. Kwato zikikaribia jibu, mtu hukakamaa kidogo, zikifika, hulegea. Von Osten hakuwa tapeli. Aliamini kabisa kwamba amemfundisha farasi hesabu. Na Pfungst mwenyewe, akiwa ameshaijua siri, alishindwa kuzuia kabisa ishara za mwili wake.

Ikiwa farasi alimsoma mtu baki hivyo, mtoto aliyekutazama uso tangu azaliwe atashindwaje? Mwalimu wa darasa la watoto arobaini hana muda wa kumwegemea kila mmoja. Wewe umekaa naye bega kwa bega. Anaweka kidole kwenye jibu, unavuta pumzi, anahamisha kidole. Nimeona mtoto akisoma maneno ya silabi tatu kwa kumkodolea mama yake: anatamka mwanzo wa neno, anabahatisha mwisho, anatazama nyusi, anabahatisha tena. Mama aliniambia anasoma vizuri. Tukaweka daftari katikati ya nyuso zao, usomaji ukaisha palepale.

Halafu kuna lile swali, "Una uhakika?" Jichunguze unaliuliza lini. Kwa wazazi karibu wote ninaowasikiliza, linaulizwa jibu likiwa si sahihi tu. Mtoto ameshaligundua hilo zamani. Kwake "una uhakika?" maana yake ni "futa". Dawa ni kuliuliza pia anapopata, kwa sauti ileile, na kumwomba aeleze amefikaje. Siku za mwanzo atafuta majibu sahihi. Vumilia. Ule ufutaji ndio unaokuonyesha ni kiasi gani alikuwa akisoma uso wako badala ya swali.

Hapa ndipo chanzo cha lalamiko ninalolisikia kuliko yote: "Jana alikuwa anajua, leo amesahau." Mara nyingi jana hakujua. Jana mlijua wawili.

Kimya nacho kinafundishika. Mtafiti wa elimu Mary Budd Rowe, miaka ya 1970, alipima muda ambao walimu walisubiri baada ya kuuliza swali, akakuta ni takriban sekunde 1. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka na "sijui" zikapungua. Sekunde 3 zinasikika kama mchezo mpaka uwe umekaa mbele ya mwanao, unalijua jibu, na jirani anagonga mlango.

Kwa wale wa "mimi nina shahada, hesabu za darasa la pili zitanishinda?": kuzifanya hazitakushinda. Mtafiti wa elimu Lee Shulman alieleza vizuri mwaka 1986 kwamba kulijua somo ni jambo moja, na kujua linavyofundishika, pamoja na mahali ambapo wanafunzi huteleza, ni ujuzi mwingine. Tena aliyebobea huteseka zaidi, kwa sababu hakumbuki hatua alizopitia. Mwandikie mtoto 8 + 4 = __ + 5 uone. Wengi wataandika 12. Mhandisi anaona upuuzi. Mwalimu anaona mtoto anayedhani alama ya sawasawa inamaanisha "andika jibu hapa".

Kuhusu "mwanangu ni wa kusikia, si wa kuona": mwanasaikolojia Harold Pashler na wenzake waliupitia ushahidi wa hiyo mitindo ya kujifunza mwaka 2008 na hawakuupata wa kutosha kuhalalisha kumpangia mtoto masomo kwa mtindo. Tuendelee.

Marudio. Kusoma tena ukurasa huleta hisia ya kujua, na hisia hiyo ni mwongo. Watafiti wa kumbukumbu Roediger na Karpicke, mwaka 2006, waliwapa wanafunzi matini. Baada ya dakika 5, waliosoma tena walikumbuka asilimia 81 na waliojipima kwa kukumbuka asilimia 75. Baada ya wiki moja mambo yakapinduka: 42 dhidi ya 56. Kwa hiyo funga kitabu, mwambie akueleze. Lakini niseme pia kwamba wale walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu. Mtoto wa miaka saba ambaye hana cha kukumbuka atakaa tu akilia, basi mpe kipande kifupi.

Hilo linanileta kwenye jambo ambalo washauri wenzangu hulipitia kimyakimya. Wazazi hupenda kunukuliwa mtafiti wa elimu Benjamin Bloom, 1984: mwanafunzi anayefundishwa peke yake huwapita wa darasani kwa migeuko sanifu 2 (mgeuko sanifu ni kipimo cha jinsi alama zinavyotawanyika kuzunguka wastani). Inatia moyo, inauza kozi. Mtafiti Kurt VanLehn alipokusanya tafiti nyingi zaidi mwaka 2011, kwa mwalimu binadamu alipata kama mgeuko 0.79. Bado ni kubwa, ila muujiza hakuna. Na hata hiyo haikupimwa kwa mama mwenye watoto watatu wa umri tofauti kwenye meza moja. Tafiti zinazolinganisha moja kwa moja watoto wa nyumbani na wa shule mara nyingi hutumia familia zilizojitolea zenyewe, kwa hiyo kinachotokana na ufundishaji na kinachotokana na familia yenyewe havitenganishiki. Ninapokushauri, sehemu kubwa ninakopa kutoka darasani na kutumaini inafaa.

Ninachowapa wazazi ni kidogo. Rekodi sauti ya somo moja fupi. Ukisikiliza, mwache mtoto, jisikilize wewe: nani anaongea zaidi, na ni mara ngapi umemalizia sentensi yake. Weka daftari la makosa, lako si lake. Andika jibu alilotoa na unachodhani alikuwa anawaza. Kisha badilishaneni kurasa na mzazi mwingine, majina yamefichwa. Kosa la mtoto wa mwenzio huwa wazi ajabu, kwa sababu halikutii aibu. Mama wa zile hesabu za kutoa, nilipompa ukurasa wa mtoto mwingine, aliona kwa haraka kwamba mtoto anadhani 0.45 ni kubwa kuliko 0.6 kwa kuwa 45 inaizidi 6.

Kinachonisumbua zaidi ni lini nimwambie mzazi aachie somo. Kuna watoto wanaolia kwa mama na kutulia kwa shangazi, hesabu zilezile, vijiti vilevile. Mbinu hapo haisaidii. Mtoto anaogopa kumwangusha mtu anayempenda. Kanuni sina. Huwa naangalia kama, vitabu vikishafungwa, mtoto bado anamfuata mzazi huyo na maswali yake mengine: kwa nini mwezi unatufuata, kwa nini chura hana mkia. Kama maswali hayo nayo yamekauka, ninashauri hesabu ziende kwa shangazi kwa muhula mmoja, na mtaala ubaki uleule.